Kana kulia, merikebu kushoto: kisa cha kutafsiri ukurasa mmoja wa daftari la safari

Usuli

Kazi ilionekana ndogo. Maonyesho ya vyombo vya matanga yalikuwa yanaandaliwa, na katikati ya chumba ingewekwa merikebu ya kuchongwa yenye urefu wa mita moja na ushei, mfano wa frigati ya Kiingereza ya miaka ya 1780. Kando yake ungesimamishwa ubao wenye tafsiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja wa daftari la safari, pamoja na mchoro wa njia iliyopitwa na chombo hicho alfajiri moja kilipoukwepa mwamba. Nimeondoa majina ya watu, ya waandaaji na ya chombo, na pia tarehe na mahali pa mwamba wenyewe. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea.

Tulikuwa wanne. Mfasiri alikuwa binti hodari katika lugha ya Kiingereza ambaye hajawahi kupanda chombo cha tanga. Alikuwepo mchoraji, alikuwepo fundi aliyechonga merikebu, na mimi nilikuwa mhariri. Wa tano, nahodha mstaafu wa majahazi, aliingia baadaye, na huko kuchelewa kumwita ndiko kulikotuponza.

Kwa asiyejua frigati ya zama zile: ilikuwa manowari ya milingoti mitatu, yenye matanga ya mraba kwenye foromali (miti ya kutundikia matanga) zilizokingama, na safu moja tu kamili ya mizinga chini ya sitaha ya juu. Ya mizinga 32, kama hii yetu, kwa kawaida ilibeba 26 ya risasi za ratili 12 kwenye sitaha kuu, na 6 midogo juu, omo (mbele) na tezi (nyuma). Haikuwa chombo cha kupanga mstari wa vita. Kazi hiyo ilikuwa ya manowari kubwa za sitaha mbili au tatu za mizinga, na iliyozoeleka kuliko zote ilikuwa ya mizinga 74. Frigati ilitumwa kupeleleza, kusindikiza misafara na kuwinda vyombo vya biashara vya adui. Ndiyo maana mara nyingi ilijikuta peke yake karibu na pwani isiyoijua, bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina) mkononi.

Ukurasa wenyewe

Nikiueleza kwa lugha ya kawaida, ukurasa ulisema hivi. Jioni waliona nchi kavu kwa mbali. Usiku walipunguza matanga. Alfajiri, katika zamu inayoanza saa 10, kengele ya pili ilipokwisha kugongwa, walisikia mawimbi yakipasuka mbele yao, upande wa kulia kidogo. Upepo ulikuwa unatoka kulia. Amri ikatolewa: kana kulia kabisa. (Kana ni mkono wa mti unaoshikwa kuendeshea usukani.) Wakalegeza demani, yaani kamba ya tanga, wakazungusha foromali. Aliyekuwa akitupa bildi alipata kina cha pima 7, kisha 5, kisha 4 na nusu, halafu 9. Wakaendelea na safari.

Mistari minane tu, lakini tafsiri yake ya kwanza ilikuwa na makosa manne. Mawili kati ya hayo yalifichana, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mlolongo wa makosa

La kwanza lilikuwa la wakati. Neno la Kiingereza la zamu ya baharini ni lile lile la saa ya mkononi, na mfasiri aliligundua hilo mapema akaandika "zamu". Safi. Ila "kengele mbili" akaziandika "saa mbili". Merikebuni kengele iligongwa kila nusu saa, kila kichupa cha mchanga kilipopinduliwa: moja, mbili, mpaka nane, zamu ya saa nne imekwisha, inaanza upya. Kengele mbili za zamu ya alfajiri ni saa 11, giza bado. Msomaji wetu akisoma "saa mbili" anaona saa 2 asubuhi, jua limeshapanda. Mchoraji naye akapaka anga la buluu na povu jeupe linaloonekana umbali wa maili, ukabaki kushangaa mabaharia hawa walikuwa wanatazama wapi mpaka wakaja kuusikia mwamba kwa masikio.

La pili lilinifurahisha kwa namna fulani, maana lilitokana na uangalifu. Katika daftari, habari za jioni na za alfajiri zilikuwa chini ya tarehe moja, na za jioni zilitangulia. Mfasiri aliona karani wa zamani kakosea, akazipanga upya: alfajiri kwanza, jioni baadaye. Kumbe siku ya daftari la safari katika jeshi la majini la Uingereza ilianza adhuhuri, si usiku wa manane, na iliendelea hivyo mpaka utaratibu ulipobadilishwa mwaka 1805. Mchana na jioni ya tarehe 13 kwa mtu wa nchi kavu vilikuwa tayari tarehe 14 kwa nahodha. Kwa hiyo katika tafsiri yetu merikebu iliukwepa mwamba kwanza, kisha jioni ndipo ikaiona nchi kwa mara ya kwanza.

La tatu: demani. Hii ni kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga upande wa nyuma. Ukiivuta tanga linakaza, ukiilegeza tanga linafunguka. Kwa Kiingereza kamba hii inaitwa kwa neno lile lile la shuka la kitandani, na anayelisoma bila bahari kichwani huona nguo, haoni kamba. Mfasiri aliandika "wakalegeza matanga". Nami nikapitisha. Sentensi inasomeka vizuri, haina kasoro ya sarufi, na haisemi kitu.

La nne ndilo lililozamisha chombo. Amri ya "kana kulia kabisa" iliandikwa "usukani kulia kabisa", na ili msomaji aelewe, mfasiri akaongeza maneno matatu kutoka kwake: "merikebu ikageuka kulia". Mchoraji alikuwa na mwamba upande wa kulia na merikebu inayogeukia kulia. Akachora alichoambiwa. Mstari mwekundu wa njia ulitoka baharini, ukajipinda, ukapita juu ya mwamba wenyewe, ukatokea ng'ambo ya pili kana kwamba chombo kilikuwa na mbawa.

Sote tuliutazama mchoro huo. Hakuna aliyeuliza.

Nahodha anaingia

Fundi ndiye aliyemwita, kwa shida nyingine kabisa: alitaka kuhakikisha jina la mlingoti mdogo wa nyuma. Nahodha akajibu bila kusita kuwa ni mlingoti wa galme, na ule unaochomoza mbele juu ya maji ni mlingoti wa maji. Kisha macho yake yakahamia kwenye mchoro ukutani.

"Hawa walikufa wangapi?"

"Hakufa mtu, Mzee," mfasiri akamjibu. "Walipita salama."

"Walipitaje, mwanangu? Wamepanda mwamba."

Akaomba asomewe mistari ile polepole. Ilipofika "wakalegeza matanga" akamkatiza. Walilegeza nini, tanga au demani? Mfasiri akarudi kwenye maandishi ya asili, akatazama, akasema ni kamba, ndiyo, ni ile kamba ya pembeni. Nahodha akatikisa kichwa. Upepo unatoka kulia, alisema. Ukigeuka kulia unakwenda joshi, unaukabili upepo, na mtu anayekwenda joshi anakaza demani, halegezi. Akilegeza, tanga litapigapiga kama nguo kwenye kamba, chombo kitapoteza mwendo, na mwamba uko pale pale unakungoja. Aliyelegeza demani anaukimbia upepo. Kwa hiyo walikwenda kushoto.

"Lakini amri inasema kulia," mfasiri akashikilia, na alikuwa na haki ya kushikilia, maana ndivyo ilivyoandikwa.

Nahodha akavua kandambili moja, akaiweka sakafuni. Kidole cha mbele kikawa omo, kisigino kikawa tezi. Akachukua rula ya mchoraji, akailaza kwenye kisigino, nusu juu ya kandambili, nusu nje. "Hii ya ndani ni kana. Hii ya nje ndiyo usukani, iko majini." Akaisukuma nusu ya ndani kwenda kulia. Nusu ya nje ikaenda kushoto. Akapitisha kiganja kutoka omo kuelekea tezi kama maji yanavyopita, kikagonga ubavu wa kushoto wa rula, kisigino kikasukumwa kulia na ncha ya kandambili ikageuka kushoto. Akarudia mara mbili, mfasiri akiwa amechuchumaa kando yake, kimya.

Amri ilikuwa ya kana. Haikuwa ya usukani, wala haikuwa ya mahali chombo kinapokwenda.

Tulivyoamua, na kwa nini

Tulikuwa na siku tatu kabla ya kuchapa. Kulikuwa na njia ya mkato: kubadilisha "kulia" kuwa "kushoto" katika amri, mchoro urekebishwe, basi. Msomaji asingejua. Mchoraji aliipendelea, na simlaumu, kwani yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kurudia.

Nilikataa kwa sababu mbili. Kwanza, daftari ni ushahidi, na atakayelinganisha tafsiri na maandishi ya asili angeona tumegeuza neno. Pili, amri za namna hii si ajabu ya karne moja. Zilidumu vyombo vilipokuwa vimeshaacha kana ya kusukumwa kwa mkono na kuwa na gurudumu, na hata baada ya mvuke kushika nafasi ya matanga. Usiku wa Aprili 1912 ofisa wa Titanic aliamuru kulia kabisa ili meli iende kushoto, na mshika usukani alielewa sawasawa. Uingereza iliziacha amri hizo kuanzia mwaka 1933. Kugeuza neno kimyakimya kungemfundisha msomaji kitu kisichokuwepo.

Tukaandika: "Amri ikatolewa: kana kulia kabisa. Merikebu ikageuka kushoto." Chini yake tukaweka mchoro mdogo wa kana na usukani, uliotokana na ile kandambili.

Kwa maneno yaliyobaki, tulipitia orodha yote ya vibandiko vya merikebu ya kuchongwa, na kigezo kikawa kazi ya kifaa. Kama kazi ni ile ile inayofanywa jahazini, jina la jahazini linatumika: omo, tezi, mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo), foromali, henza (kamba ya kupandishia foromali), kapi, farumi (uzito wa kutuliza chombo), bildi, pima. Kama kazi haipo kwenye chombo cha tanga la pembe tatu, tunaeleza kwa maneno ya kawaida na hatuchongi neno jipya. Kwa aina za vyombo tulibishana zaidi. Mfasiri alitaka "jahazi la vita", linalosikika vizuri, ila jahazi lina sura yake na tanga lake, na mtu akisoma jahazi haoni foromali tisa zilizokingama. "Meli" imetokana na neno la Kiingereza la barua, na ilishika katika zama za meli za mvuke zilizobeba posta, hivyo kuipachika kwenye miaka ya 1780 kunakwaruza. Tukabaki na merikebu kwa chombo, manowari kwa kazi yake, na frigati kwa aina yake, pamoja na sentensi moja ya kumtahadharisha msomaji kuwa frigati za leo, zenye makombora, zimerithi jina tu. Manowari lenyewe ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu kitambo. Pwani ililitumia wakati HMS London, manowari ya sitaha mbili za mizinga iliyoshushwa majini mwaka 1840, ilipotia nanga Zanzibar kuanzia 1874 kama kituo cha kupambana na biashara ya watumwa.

Matokeo

Ubao ulichapwa kwa wakati. Mchoro ulirudiwa wote: anga likawa la kijivu cha alfajiri, mstari mwekundu ukapinda kushoto, na tarakimu za pima zikawekwa mahali pake, 4 na nusu ikiwa karibu kabisa na mwamba. Kabla ya kuchapa tuliwapa vijana wanne wausome bila maelezo. Watatu walisimama kwenye "kana kulia, merikebu kushoto", wakatazama mchoro mdogo, wakaendelea. Wa nne alidhani ni kosa la uchapaji mpaka alipoushika mchoro kwa kidole.

Makosa mawili yalitoka nje pamoja nasi. Kibandiko cha "ubavu wa kulia" kilibandikwa kwenye picha ya merikebu inayotazamwa kutoka omo, kwa hiyo kikawa upande wa kushoto wa macho ya mtazamaji. Ni sahihi kwa baharia, kwa kuwa kulia na kushoto kwa chombo huhesabiwa mtu akiwa ameelekea omo, lakini hatukumwambia mtazamaji hivyo. Na kibandiko cha "demani" tulikibandika kwenye pembe zote mbili za chini za kila tanga.

Uchambuzi

Kosa hili la pili, la vibandiko vya demani, linahitaji maneno zaidi, kwa sababu ni kosa la waliokwisha kuonywa. Baada ya nahodha kuondoka tulikuwa na shauku mpya: kila kamba tuliitafutia jina la jahazini. Tanga la jahazi lina kamba ya joshi mbele na ya demani nyuma, na kila moja ina mahali pake. Tanga kubwa la mraba la chini halina mbele wala nyuma ya kudumu. Kila pembe yake ya chini ina kamba mbili, ya kuivuta kwenda omo na ya kuivuta kwenda tezi, na merikebu ikibisha, yaani ikigeuka kuvuka upepo, na upepo ukahamia ubavu wa pili, pembe iliyokuwa ya joshi inakuwa ya demani. Na matanga ya juu yake hayako hivyo: kamba za pembe zake hufungwa kwenye foromali iliyo chini na kukaa hapo. Kubandika neno moja kila pembe ni kusema tanga la mraba ni la pembe tatu lililonyooshwa. Kigezo chetu cha kazi kilikuwa kizuri. Tuliacha kukifuata tulipoanza kufurahia maneno.

Kuhusu makosa ya kwanza, sikubali maelezo mepesi kwamba mfasiri hakujua bahari. Hakujua, lakini alikuwa na dalili mkononi. Kosa la demani lilifunika kosa la kana. Lau angeandika "wakalegeza demani", mtu yeyote aliyewahi kushika tanga angeona mara moja kwamba kugeuka kulia na kulegeza demani, upepo ukitoka kulia, haviendi pamoja. Alipoandika "wakalegeza matanga", ushahidi wa ndani ya maandishi ulitoweka, na kosa la kana likakosa wa kulishitaki. Tafsiri isiyo na kasoro ya lugha ilitulaza usingizi. Na mhariri, yaani mimi, ndiye niliyepaswa kuuliza kamba gani.

Kuna jambo la Kiswahili chenyewe pia. Kwa msomaji wa leo usukani ni wa gari: ukiuzungusha kulia, gari linakwenda kulia. Neno limehama chomboni, likaingia barabarani na kurudi na maana ya barabarani. Kana halikuhama, na kwa sababu halikuhama linafaa: msomaji asiyelijua analazimika kusimama na kutazama, naye anayelijua anakwenda moja kwa moja. Waingereza nao walikuwa na mtego wa aina hiyo katika upande wa kushoto. Jina lake la zamani lilifanana mno kwa sauti na la kulia, dhoruba ikivuma amri husikika vibaya, na mwaka 1844 jeshi lao la majini liliagiza jina jingine litumike. Daftari letu lina lile la zamani, lisilopatikana katika kamusi ndogo, na hilo pekee lilimpotezea mfasiri nusu siku.

Kilichofaa, kwa maoni yangu, ni kumsomea nahodha kwa sauti badala ya kumpa orodha ya maneno ajaze. Fundi alikuwa amempa orodha, na kwenye orodha alijibu alichoulizwa tu. Aliposomewa tukio alianza kuendesha chombo kichwani, na hapo ndipo alipokwama pale pale ambapo chombo kingekwama. Kama tungemwita tulipoanza, mchoro usingechorwa mara mbili, na pengine tungekuwa na muda wa kumrudia kuhusu pembe za matanga.

Vibandiko vya demani vilibadilishwa wiki ya pili. Kilichobaki ni zile kamba ndefu za kuzungushia foromali, moja kila ncha, ambazo jahazi halina za kazi hiyo hasa. Nahodha alitoa jina moja, mwenzake wa siku nyingi akatoa jingine, wakabishana mbele ya kioo mpaka mlinzi akaja kutazama. Kwenye kibandiko tumeandika "kamba ya kuzungushia foromali", na fundi ameacha nafasi ya neno moja chini yake.